Zamani, Sasa na Siku ya Mwisho: Uhakiki wa Eskatologia ya John Mbiti

Miongoni mwa vitabu vya theologia vilivyoandikwa na Waafrika, ni vichache vinavyotajwa mara nyingi na kusomwa mara chache kama kile cha Profesa John Samuel Mbiti, New Testament Eschatology in an African Background, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1971. Wanafunzi wetu hukitaja katika insha zao, lakini wengi hukitaja kwa sentensi moja tu, nayo daima ni ile ile: ya kwamba Mwafrika hana wakati ujao. Baada ya hapo huandika kwamba Mbiti alikosea, au kwamba alisema kweli, kisha huendelea na jambo lingine. Uhakiki huu wakusudia kukisoma kitabu chenyewe, kwa kuwa swali lake limeturudia kwa sura ya kutisha. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, na katika miezi iliyofuata ilitolewa miili zaidi ya 400. Hao walikuwa watu waliofundishwa kwamba wakifunga kula hadi kufa watamlaki Bwana kabla ulimwengu haujafikia kikomo. Watoto walikuwa miongoni mwao. Ikiwa mahubiri juu ya siku za mwisho yaweza kumfanya mzazi amnyime mtoto wake chakula, basi eskatologia si mada ya mtihani tu.

Mbiti alizaliwa mwaka 1931 katika nchi ya Kitui, akapata shahada ya udaktari Cambridge mwaka 1963, akafundisha Makerere kwa miaka kumi, kisha akakiongoza chuo cha kiekumene cha Bossey, Uswisi. Alifariki mwaka 2019 katika nchi hiyo hiyo, ambako pia alikuwa amehudumu kama mchungaji wa usharika. Kitabu chake kilitokana na utafiti wake wa Cambridge, nacho kina swali moja la msingi: Injili ya Agano Jipya juu ya mambo ya mwisho ilipowafikia Wakamba kwa mikono ya Africa Inland Mission, misheni iliyoanza kazi Ukambani mwaka 1895, je, walisikia nini? Si kwamba wamisionari walihubiri nini, bali Wakamba walisikia nini. Tofauti hiyo ndiyo inayokipa kitabu thamani yake. Katika miaka hiyo wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya Agano Jipya kana kwamba halina msikilizaji mwingine ila wao wenyewe. Mbiti aliyajua mabishano yao vizuri, akayachukua hadi kijijini kwao.

Alichokikuta huko akieleza kwa uwazi usio na chuki. Mahubiri juu ya mwisho yalikuwa yamejaa moto, mji, nchi nzuri, hazina, karamu, machozi yaliyofutwa. Hizo zote ni lugha ya Biblia. Lakini katika Agano Jipya picha hizo zamwelekea Kristo na kupata maana yake kwake. Katika masikio ya waumini wengi zilikuwa zimekatwa kutoka kwake, zikasimama peke yao kama orodha ya mali zinazongojewa. Mbinguni pakawa mahali penye vitu ambavyo hapa duniani havipatikani. Kristo akawa njia ya kufikia vitu hivyo, kama vile mtu anavyopanda basi ili afike sokoni, na akishafika hana haja tena na basi. Mfano huo wa basi ni wangu, si wa Mbiti, lakini naamini hangeukataa. Msomaji anayeijua nyimbo za kwaya zetu wenyewe, za Kilutheri, aziimbe moyoni mwake kwa dakika moja kisha ajiulize kama jambo hilo liliishia Ukambani.

Mpaka hapo twaenda pamoja naye. Ugumu waanza anapoeleza sababu. Mbiti asema kwamba Wakamba, na Waafrika kwa jumla, waufahamu wakati kwa pande mbili: upande mrefu wa mambo yaliyopita na upande wa mambo yaliyopo. Wakati ujao hauna urefu. Matukio ambayo hayajatokea hayawezi kuwa sehemu ya wakati, isipokuwa yale yaliyo karibu sana au yale yanayofuata mzunguko wa majira. Katika kitabu hiki aziita pande hizo mbili kwa maneno ya Kikamba, mituki na tene. Katika kitabu chake kingine maarufu zaidi, cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alichagua maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, nayo ndiyo yaliyoenea duniani kote. Ushahidi wake mkubwa ni vitenzi: nyakati zijazo katika Kikamba na Kigikuyu, asema, hazifiki mbali zaidi ya miezi michache, au labda miaka miwili. Basi mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba Bwana anakuja, hana pa kuyaweka maneno hayo ila karibu, kesho au kesho kutwa, na yasipotimia huchoka au humtafuta nabii mwingine.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna haki ya kumwuliza Mbiti habari za maneno aliyoyaazima kwetu. Ni kweli kwamba Kiswahili kina hesabu fupi ya siku zijazo: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo, na hapo mlolongo waisha. Mtu angeweza kuuleta kama shahidi wa upande wake. Lakini siku zilizopita nazo majina yake ni machache vile vile, jana na juzi, wala hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba Mswahili hana wakati uliopita. Tena yafaa kuitazama ile silabi -ta- tunayoitumia kwa wakati ujao. Wataalamu wa lugha huifuatilia hadi kwenye kitenzi taka: atakuja ni yule atakaye kuja. Yaani lugha yetu iliupata wakati ujao wake kutoka katika kutaka, katika nia ya mtu inayonyoshwa mbele. Kwa maoni yangu hiyo si dalili ya watu wasio na wakati ujao. Ni dalili ya watu wanaoujua wakati ujao kama jambo la nia na ahadi kabla haujawa jambo la kalenda.

Pia mtu hujulikana kwa kazi zake kuliko kwa vitenzi vyake. Mchagga aliyechimba mfongo ili maji yashuke hadi mashambani, na kukiacha kihamba kwa mwanawe ili naye akiache kwa mwana wake, alifikiri mbele zaidi ya miaka miwili. Mzee wa pwani apandaye mnazi katika uzee wake anajua vema ni nani atakayekunywa madafu. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alitoa hoja ya namna hii mwaka 1987 kutokana na lugha na desturi za Waakan, na wengine wamefanya vivyo kwa watu wao. Katika jambo hili naona kwamba Mbiti ameshindwa, na hakuna faida ya kumtetea.

Lakini kushindwa kwake hapa kumewafurahisha wahakiki kupita kiasi. Wakishaibomoa nadharia ya wakati hudhani wamekibomoa kitabu. Yale aliyoyaona hayategemei nadharia hiyo. Ni kweli kwamba watu wengi hulipokea tumaini la ufufuo kama tarehe na kama orodha ya mali. Kosa ni kudhani kwamba wanafanya hivyo kwa sababu ni Waafrika.

Kwa uthibitisho hatuna haja ya kwenda mbali na nyumba ya Luther mwenyewe. Michael Stifel alikuwa rafiki yake, mchungaji wa Lochau, mji mdogo usio mbali na Wittenberg, na alikuwa hodari wa hesabu kuliko wengi wa kizazi chake. Kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1544 chakumbukwa hata leo. Kwa kuzigeuza herufi za Maandiko kuwa tarakimu alipata siku na saa ya kurudi kwa Bwana: mwezi wa Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Luther alimwonya, naye hakusikia. Wakulima waliacha kazi zao, wakatumia walivyokuwa navyo, wakakusanyika kanisani. Saa ikaja, ikapita. Stifel aliwekwa kizuizini akaondolewa katika usharika ule, na ni Luther pamoja na Melanchthon waliomwombea hata akapewa mahali pengine pa kuhudumu. Wale walikuwa Wajerumani, wenye lugha yenye wakati ujao usio na kikomo, wenye kalenda na saa ya mnara. Walisikia kile kile ambacho Mbiti alikikuta Ukambani. Tena si jambo la karne ya 16 pekee, wala la Ulaya pekee: huko Kanungu, Uganda, kundi lililoungojea mwisho wa dunia lilifikia mwisho wake kwa moto tarehe 17 Machi 2000, baada ya tarehe iliyotabiriwa kupita bila tukio, na mamia walikufa.

Sasa, katika miezi ile ile ambayo Stifel alikuwa akipiga hesabu zake, Luther alikuwa mimbarani Wittenberg akiihubiri sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Alianza mwaka 1532, akamaliza mwaka 1533, na mahubiri hayo yalichapwa mwaka 1534. Ningependa kila mwanafunzi ayasome. Humo Luther asema jambo ambalo kwa mara ya kwanza laonekana kama ajabu: kwamba sehemu iliyo kubwa ya ufufuo wetu imekwisha kutendeka. Kristo aliye Kichwa ametoka kaburini, na mwili hauwezi kubaki nyuma pale kichwa kilipokwisha kupita, kama ilivyo katika kuzaliwa kwa mtoto. Kilichobaki ni kidogo. Mchungaji wa Lochau na mhubiri wa Wittenberg wote wawili waliingoja Siku ya Mwisho, na huenda Luther aliitamani kuliko mwenzake. Alizoea kuita siku hiyo mpendwa. Tofauti yao ilikuwa mahali walipousimamisha mguu. Stifel aliusimamisha katika wakati ujao, akaona hapana udongo. Luther aliusimamisha katika jambo lililokwisha kufanyika.

Na hapa ndipo ninapoona kwamba Mbiti alikuwa na hazina mkononi asiitumie yote. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba kwa wazee wetu zamani si kapu la mambo yaliyokufa. Zamani ni msingi. Mambo ya leo yasimama juu yake na kupata uzito wake kutoka humo. Alitumia maarifa hayo kueleza kwa nini Injili ya wakati ujao ilishindwa kuota mizizi, na akapendekeza kwamba Kanisa limpe Mwafrika upande wa tatu wa wakati, ule alioukosa. Lakini angeweza kuuliza kinyume chake: je, Injili ya ufufuo ni Injili ya wakati ujao kwanza? Mtume Paulo haanzi sura ile kwa tarumbeta. Aanza kwa habari alizozipokea naye akazikabidhi kwa wengine, juu ya kifo, kuzikwa na kufufuka kulikoshuhudiwa na watu anaowataja kwa majina, ambao wengine wao walikuwa wangali hai (1 Kor. 15:3–8). Aanza zamani. Kristo ni limbuko, na limbuko si tangazo la mavuno bali ni sehemu ya mavuno yenyewe iliyokwisha kuletwa nyumbani. Mkulima yeyote wa Kitui aliyeshika suke la kwanza mkononi baada ya ukame anaelewa jambo hili bila kufundishwa upande wa tatu wa wakati. Mbiti anasema kweli kwamba eskatologia ya Agano Jipya kiini chake ni Kristo, naye alisema mapema kuliko wengi katika bara letu. Ila aliposema hivyo hakurudi kuirekebisha sura yake juu ya wakati. Aliziacha sura mbili zikae katika jalada moja kama majirani wasiosalimiana.

Lugha yetu yenyewe imechangia kuzitenga Pasaka na Siku ya Mwisho. Biblia ya Union ya mwaka 1952 hutumia maneno mawili kwa jambo la kuamka kwa wafu: ufufuo, lenye asili ya Kibantu, na kiyama, lililotoka Kiarabu. Katika 1 Kor. 15:12 yote mawili yakutana: Kristo amefufuka, lakini jambo ambalo Wakorintho walilikana laitwa kiyama. Kigiriki nacho chatumia mashina mawili hapo, basi wafasiri wale hawakukosa. Lakini sikio la Mswahili halisikii maneno haya kuwa ndugu. Kufufuka ni habari ya Jumapili ya Pasaka, yenye furaha. Kiyama ni habari ya hofu, kelele na hukumu. Tena katika mazungumzo ya kila siku neno hilo limekuwa namna ya kusema kwamba jambo halitatokea kamwe. Mtu aliyekasirika asemapo hatamsamehe ndugu yake hata siku ya kiyama, hana nia ya kumsamehe siku hiyo. Hivyo mhubiri asomaye sura hii mbele ya jeneza huenda asijue kwamba wasikilizaji wake wamesikia habari mbili tofauti, moja ya Yesu na nyingine ya kutisha inayowahusu wao, pale ambapo hoja yote ya Paulo ni kwamba ni habari moja. Ni jambo la kustaajabisha kwamba shina la neno la Kiarabu lina maana ya kusimama, sawasawa na neno la Kigiriki linalomaanisha kusimama tena. Kwa asili yake, basi, kiyama ni kusimama kwa waliolala chini. Mhubiri akilisema hilo kwa dakika mbili amefanya kazi ambayo kamusi pekee haitamfanyia.

Sura ya sita ya kitabu, juu ya ufufuo kama tumaini la jamii nzima na si la mtu mmoja mmoja, ndiyo kilele chake. Mbiti akumbusha kwamba katika mawazo ya wazee mtu aliyekufa aliendelea kuwa hai kadiri walivyokuwako watu waliomjua kwa jina. Aliyekumbukwa alikuwa bado wa nyumbani. Vizazi vinne au vitano vikipita, na wa mwisho aliyemjua akifa, marehemu huyo alizama katika umati wa roho zisizo na majina, na hakuna aliyemngoja tena. Kwa hiyo ndoa na uzazi vilikuwa jambo la uhai baada ya kifo. Kufa bila mtoto kulikuwa kufa mara mbili. Basi Mbiti aonyesha kwamba tumaini la Agano Jipya lajibu swali hilo hilo, lakini kwa kumweka Kristo pale walipokuwa wazao: watu wafufuliwa pamoja kwa kuwa ni mwili mmoja ndani yake, na kumbukumbu inayowahifadhi ni ya Mungu.

Niliisoma sura hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi na sikuiona kuwa na jambo kubwa. Miaka kadhaa baadaye niliitwa kumzika mama mmoja mzee asiyejaliwa mtoto. Watu waliokuja walikuwa wachache. Wakati wa kusoma historia ya marehemu, karatasi ilikuwa na mistari mitano, na pale penye desturi ya kutaja watoto, wajukuu na vitukuu msomaji alisita, akaruka, akaketi. Nilikuwa nimeandaa mahubiri juu ya roho iliyopumzika. Nilipouona ukimya ule nilifahamu kwamba hakuna aliyekuwa akiuliza habari za roho. Walikuwa wakijiuliza nani atalitaja jina la mama huyu mwaka ujao. Nabii Isaya aliwaahidi watu wasio na uzao jina lililo bora kuliko wana na binti (Isa. 56:5), na kwa msaada wa Mbiti nilijua siku ile kwa nini ahadi hiyo ni habari ya ufufuo. Jina lake lilikuwa limekwisha kutajwa juu ya maji ya Ubatizo, na aliyelitaja hafi tena. Nasimulia haya kwa kuwa wahakiki wanaokipima kitabu kwa vitenzi vya Kikamba peke yake hawajui wanachokipoteza.

Byang Kato wa Nigeria, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya hatari za theologia ya Kiafrika, alimshitaki Mbiti kwa kufundisha kwamba hatimaye wote wataokolewa. Shitaka hilo halikutoka hewani. Mbiti anapozungumza juu ya hukumu huelekea upande huo, na maneno yake juu ya jehanamu ni mepesi kuliko Maandiko anayoyafafanua. Walakini Kato hakuuona uzito wa swali la kichungaji lililomfikisha mwenzake hapo, yaani habari za babu na bibi waliokufa kabla jina la Yesu halijasikiwa katika nchi yao. Sisi Walutheri twafanya vema kuacha jambo hilo mikononi mwa Mungu aliyefichika, bila kudai kujua asichotufunulia. Sina la kuongeza hapo.

Mahali kitabu kinapopungua kweli ni juu ya maisha ya mwamini katika wakati huu ulio kati ya Pasaka na Siku ya Mwisho. Mbiti anayo sura nzuri juu ya Sakramenti, naye alaumu kwa haki mahubiri yaliyozipa nafasi ndogo, kwa kuwa katika Ubatizo na Chakula cha Bwana mambo ya mwisho hugusa mkono na ulimi leo. Lakini baada ya kutoka mezani, mwamini aenda wapi? Kitabu chatuambia kidogo kuliko tulivyotarajia. Katekisimo Ndogo inapouliza maana ya kubatizwa kwa maji haituelekezi mbinguni. Yasema juu ya mtu wa kale anayezamishwa kila siku na mtu mpya anayefufuka kila siku. Neno la kufufuka limewekwa siku ya Jumatatu, shambani, ofisini, jikoni.

Paulo naye atoa somo ambalo wengi wetu tumelikosa kwa ajili ya namba za sura tu, namba zilizowekwa katika karne ya 13. Twaisoma 1 Kor. 15 makaburini na kuishia penye ushindi juu ya mauti. Aya ya mwisho, ya 58, ambayo kwayo anawaambia wasimame imara na kuzidi katika kazi ya Bwana kwa kuwa taabu yao si bure, mara nyingi husomwa kwa haraka. Na neno linalofuata mara moja, ambalo lingekuwa ukurasa ule ule wa barua, ni habari ya mchango. Kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu walio maskini. Tarumbeta ya mwisho imelia, wafu wamevikwa kutoharibika, na Mtume ageuka kuuliza kama fedha za chakula cha watu wenye njaa zimekusanywa. Haoni kwamba amebadili mada. Siku ya kwanza ya juma ni siku Bwana aliyofufuka.

Ukiyaweka maneno hayo kando ya Shakahola ndipo unapoona upotofu ule ulikuwa wa namna gani. Kule, tumaini la kumwona Yesu lilifanywa kuwa sababu ya kuunyima mwili chakula. Kwa Paulo, mwili utakaofufuliwa ni sababu ya kuulisha mwili wa jirani. Mwili usio na thamani hauhitaji kufufuliwa. Wathesalonike walioacha kazi kwa kudhani kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo walikemewa kwa jambo dogo la kawaida: wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (2 Thes. 3:12). Mafundisho ya kweli juu ya mwisho hupimwa hata kwa sufuria ya nyumbani.

Naomba nafasi kwa neno moja la kando. Katika mahafali na semina zetu hurudiwa mara kwa mara habari kwamba Luther alisema angepanda mtofaa leo hata kama angejua dunia itaisha kesho. Maneno hayo hayapatikani katika maandiko yake. Ushahidi wa kwanza unaojulikana ni wa mwaka 1944, kati ya Wakristo wa Ujerumani waliokuwa wakiona miji yao ikiteketea. Sioni vibaya watu wakiendelea kuyatumia, ila wasiyatumie badala ya yale ambayo Luther aliyasema kweli. Mti uliopandwa kabla ya mwisho waweza kupandwa na mtu yeyote mwenye ujasiri, hata asiyeamini. Mahubiri ya Luther juu ya 1 Kor. 15 yasema kwa nini kazi ya mkono huo si bure.

Wamoravian, tangu Herrnhut mwaka 1732, huenda makaburini alfajiri ya Pasaka na kuungoja mwanga pamoja na wafu wao, na desturi hiyo wameileta hata huku kwetu. Sidhani kwamba Mbiti anaitaja, lakini ndiyo ufafanuzi bora ninaoujua wa sura yake ya sita: zamani ya Kristo, sasa ya usharika uliosimama kwenye umande, na majina yaliyoandikwa juu ya misalaba ya mbao.

Kitabu hiki, basi, kisiondolewe katika orodha ya masomo, wala kisisomwe kuanzia mwanzo. Mwanafunzi aanze na sura ya sita, aende kwenye sura ya nne juu ya Sakramenti, kisha airudie ya tatu juu ya picha za moto na mji huku nyimbo za kwaya yake zikiwa wazi mezani. Sura ya pili juu ya wakati aisome mwisho, akiwa na mahubiri ya Luther ya 1532 na 1533 mkono wa pili, na azihesabu mwenyewe mara ambazo neno zamani lingeweza kutumika kumhubiri Kristo.